Usihame kwa ajili ya namba: kumtafutia wilaya ya shule mtoto wa vipaji huku Minnesota

Kuna swali naulizwa sana na Waswahili wenzangu wa huku Minneapolis na Saint Paul, hasa wale ambao mwalimu ameshawaambia "huyu mtoto wenu ni tofauti", nalo ni hili: tuhamie wapi? Na kabla sijafungua mdomo wengi wanakuwa wameshapata jibu, wamefungua simu wanatafuta nyumba, wananionyesha ile namba ya shule, yaani alama ya ubora wake ya 1 hadi 10, 8, 9, 10, na kodi ya nyumba imeandikwa chini yake. Naandika haya kwa sababu naamini kabisa kwamba ile namba inawapoteza wazazi wa watoto wa aina hii, unakuta mtu anajibana, anaongeza shifti, anahamia mtaa wa ghali kwa ajili ya kitu ambacho mtoto wake hatakikuta kule.

Kwa mliofika juzi juzi, wilaya ya shule huku sio ile wilaya ya kwetu yenye mkuu wa wilaya. Ni chombo kinachojitegemea, kina bodi yake inayopigiwa kura na wakazi, pesa yake inatoka jimboni na kwenye kodi za majengo ya eneo lake, na Marekani nzima viko zaidi ya 12,000. Kila kimoja kina utaratibu wake wa watoto wenye vipaji au hakina kabisa. Na mipaka yake haifuati mipaka ya mji. Brooklyn Park, ambako ndugu zetu wengi wa Kenya wanakaa na sisi Watanzania tumo humo humo, ni mji mmoja lakini wamegawana wilaya tatu, Osseo, Anoka-Hennepin na Robbinsdale, kwa hiyo mtu na rafiki yake wanaokutana kununua unga duka moja wanaweza kuwa na watoto kwenye mifumo miwili tofauti kwa sababu tu mmoja anakaa ng'ambo ya barabara.

Kwetu jambo hili ni geni. Mimi nimesoma Kilakala, Morogoro. Nyumbani serikali ina shule za vipaji maalum, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Boys, Tabora Girls, Msalato, Kilakala, unafanya mtihani wa darasa la saba na wenzako wa nchi nzima, ukifaulu sana unapangiwa huko hata kama baba yako analima Namtumbo na kwenu hakuna umeme. Ule mfumo una mapungufu yake mengi na unawaacha wengi njiani, lakini angalau serikali ndiyo inayokutafuta. Huku kinachokupangia shule ni anwani ya nyumba. Na serikali ya shirikisho haina sheria inayoilazimisha shule impe mtoto mwenye kipaji chochote cha ziada. Kuna sheria ya Javits ya mwaka 1988 lakini hiyo inahusu fedha za utafiti na miradi, huwezi kwenda nayo kwa mkuu wa shule ukadai haki. Mtoto mwenye ulemavu analindwa na sheria ya shirikisho, anaandikiwa mpango wake, mzazi asiporidhika anaweza kukata rufaa. Mwenye kipaji ameachiwa jimbo, na jimbo nalo mara nyingi linaiachia wilaya. Ndio maana kuchagua mahali pa kuishi kunakuwa uamuzi mzito namna hii.

Binti yetu alianza kusoma mwenyewe kabla ya chekechea, lakini hilo halikutushtua sana, watoto wengi wanawahi kusoma. Kilichotushtua ni hesabu. Yuko darasa la pili, siku moja akakaa mezani na bili za umeme za baba yake, anatafuta kwanini Februari tulilipa zaidi wakati siku zake ni chache kuliko za Januari, akagawa uniti kwa siku, akalinganisha, akasema ni ile hita ya chumbani kwetu, halafu akauliza kama namba zinaendelea kushuka chini ya sifuri bila mwisho au kuna mahali zinaishia. Kesho yake kwenye begi nikakuta karatasi ya shule ya kupaka rangi makumi na mamoja. Ameipaka yote, rangi haijatoka nje ya mstari hata kidogo, na nyuma yake ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mdogo mdogo, 1, 4, 9, 16, 25, imeenda hivyo mpaka 900. Alama ya vema ya mwalimu ilikuwa upande wa mbele tu.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wake, dada mpole sana na ninamheshimu, alituambia mtoto anafanya vizuri, hana tatizo lolote. Ana wanafunzi 27, kuna wasiojua kusoma bado, muda wake unaishia huko. Simlaumu. Lakini mtoto asiye na tatizo katika darasa kama lile ndio hana anayemshughulikia, na mimi nilianza kumwona binti yangu anapunguza mwendo, anauliza maswali machache, anaanza kusema shule ni mahali pa kusubiri wenzako wamalize.

Basi baba watoto akaja na nyumba ya mtaa mmoja wa magharibi ya jiji. "Mama, kule shule ni 9." Nikamuuliza, "Tisa ya nini, baba?" Tukakaa usiku ule kuangalia ile tisa imetoka wapi.

Zile namba za 1 hadi 10 unazoziona kwenye websaiti za nyumba zinatolewa na GreatSchools, shirika linalozipa shule alama, na kwa sehemu kubwa zinatokana na mitihani ya jimbo. Minnesota ni ile MCA wanayoanza kufanya darasa la tatu. Mitihani hiyo inauliza jambo moja, je mtoto amefikia kiwango cha darasa lake? Shule ikiwa na wengi waliofikia, namba inapanda, na kila mtu anajua kwamba mitaa yenye wazazi wenye kipato kikubwa ndio yenye wengi waliofikia. Sasa mtoto ambaye alishakivuka kiwango hicho miaka miwili mitatu nyuma, asilimia ya wenzake waliokifikia inamsaidia nini? Yeye shida yake ni dari. Anaweza kwenda juu kiasi gani kabla shule haijamwambia rudi ukae na wenzako, na je huko juu atakuta mwenzake hata mmoja? Hicho ndicho cha kutafuta, na hakimo kwenye ile namba.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwenye vipimo vya akili, vile vya IQ, watoto wanaofika 130 na kuendelea ni kama 2 kati ya 100. Wanaofika 145 na kuendelea ni kama mmoja kati ya 700 na ushee. Chukua wilaya ndogo nzuri ya pembeni ya jiji yenye watoto 250 kwa kila darasa. Wa 130 utapata watano hivi. Wa 145 utapata mmoja kila baada ya miaka mitatu, maana yake huyo mtoto atakuwa peke yake toka chekechea hadi amalize. Najua watoto hawagawanyiki sawasawa hivyo, mtaa wenye madaktari na mainjinia wengi utakuwa na zaidi, lakini hata ukizidisha mara mbili bado hujazi darasa. Na wilaya isiyoweza kujaza darasa inachofanya ni kuwatoa wale watano mara moja kwa wiki, dakika 45, wanakaa na mwalimu wa vipaji wanafanya mafumbo, halafu wanarudi kwenye karatasi zile zile. Wenyewe wanaiita programu ya vipaji, na kwenye websaiti inaonekana safi kabisa.

Halafu chukua wilaya kubwa ya mjini, watoto 2,500 kwa kila darasa. Wa 130 ni 50. Wa 145 ni watatu au wanne, kila mwaka. Hii wilaya inaweza kuwa na wastani mbovu, majengo ya zamani, namba 4 kwenye simu yako, lakini ina watoto wa kutosha kufungua darasa zima, au shule nzima. Saint Paul wana Capitol Hill, shule nzima ya serikali ya watoto wenye vipaji, kuanzia darasa la kwanza hadi la nane. Bloomington wana Dimensions Academy, ambayo ni kwa wale wenye kipaji cha juu sana, na mtoto anakuwa humo siku nzima, sio dakika 45. Ukichagua kwa namba peke yake, unaweza kuzipita hizo bila kujua zipo.

Kwanini nasisitiza wenzake? Kwa sababu nimepitia. Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza kila muhula, sikuwahi kusoma kwa jasho hata siku moja. Nilipofika Kilakala nikakuta bweni moja kuna wasichana wanamaliza swali kabla sijamaliza kulisoma. Nililia. Halafu nikaanza kusoma kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kusoma kweli kweli, na mpaka leo kila kazi ngumu ninayoifanya naifanya kwa nguvu nilizozipata mwaka ule. Mtoto anayefika chuo kikuu hajawahi kukutana na swali lililomshinda amekosa kitu kikubwa, na huwezi kumfundisha hicho kwa kumsifia kwamba ana akili.

Kama unapoishi hakuna shule ya namna hiyo, bado kuna kurushwa. Wazazi wetu wengi wanaliogopa neno kurushwa darasa, atakuwa mdogo, watamwonea, hatakuwa na marafiki. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha watoto waliorushwa kwa utaratibu mzuri wanafanya vizuri kimasomo na hawaharibikiwi kijamii, na kuna hata kipimo kiitwacho Iowa Acceleration Scale kinachowasaidia walimu na wazazi kukaa pamoja na kuamua kwa vigezo badala ya hofu. Sheria ya Minnesota inazitaka wilaya zote ziwe na mwongozo wa kuwatambua watoto wenye vipaji na utaratibu wa kuwarusha, pamoja na wa kuwaingiza mapema chekechea au darasa la kwanza. Kwa hiyo wakikwambia "sisi hapa haturushi watoto", waombe kwa heshima wakutumie utaratibu wao kwa maandishi. Sheria haijawaambia wamrushe mtoto wako, imewaambia wawe na utaratibu, lakini ukishaushika mkononi mazungumzo yanabadilika. Pesa usitegemee, jimbo linatoa kama dola 13 hivi kwa mwanafunzi kwa mwaka kwa ajili ya vipaji.

Mimi binafsi napenda zaidi kurushwa kwa somo moja, mtoto anabaki darasa lake ila wakati wa hesabu anakwenda la nne au la tano. Haligharimu karibu chochote. Linakwama kwenye ratiba, kwa hiyo uliza mapema, je madarasa yote yanafanya hesabu kwa wakati mmoja? Akimaliza hesabu za shule ya msingi akiwa darasa la nne, nani atampeleka shule ya kati, basi lipo? Wilaya iliyowahi kufanya hivyo itakujibu hapo hapo. Ambayo haijawahi itasema "tutaliangalia".

Walioko majimbo mengine, sheria zenu ni tofauti na msiige za huku. Pennsylvania mtoto aliyepimwa na kukubaliwa anaandikiwa mpango wake binafsi kisheria. Texas mtoto anaweza kufanya mtihani wa somo ambalo hajafundishwa na akipata asilimia 80 anavuka. Washington elimu ya watoto wenye uwezo mkubwa imo ndani ya elimu ya msingi ambayo jimbo linawajibika kuitoa. Anza na sheria ya jimbo ndio uje kwenye ramani ya nyumba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni jinsi watoto wetu wanavyopitwa bila kuonekana. Siku unamwandikisha mtoto unajaza fomu ya lugha ya nyumbani. Ukiandika Kiswahili, mtoto anapimwa Kiingereza, na anaweza kuwekwa kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza. Kuna watu wanashauriana kuandika Kiingereza tu ili mtoto "asiwekwe huko". Mimi sikubaliani kabisa. Ile huduma ni haki yake, na kuwa kwenye orodha ile hakumzuii kuingia kwenye vipaji. Kinachomzuia ni mtu mzima anayedhani mtoto hawezi kuwa kwenye orodha zote mbili. Kwa hiyo uliza waziwazi: mwaka jana, watoto wangapi wanaojifunza Kiingereza waliingia programu ya vipaji? Msimamizi wa programu ya vipaji asiyejua jibu hajawahi kulifikiria.

Na uliza wanawapataje. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwetu sisi. Kama mtoto anapimwa baada tu ya mwalimu au mzazi kumpendekeza, basi watapimwa watoto wa wazazi wanaojua kuomba. Kama wanapima darasa zima, kila mtoto, mambo yanakuwa mengine. Kaunti ya Broward, Florida, mwaka 2005 ilianza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, na wachumi David Card na Laura Giuliano wakafuatilia, wakakuta idadi ya watoto weusi, wa Kilatino na wa familia zenye kipato kidogo walioingia vipaji iliongezeka sana. Wale watoto walikuwepo siku zote, hakuna aliyekuwa amewatazama. Baadaye bajeti ikabana, upimaji ule ukaachwa, na maendeleo yale yakarudi nyuma. Mwaka 2016 pia watafiti Jason Grissom na Christopher Redding walionyesha kwamba mtoto mweusi mwenye mwalimu mweusi ana nafasi karibu mara tatu ya kuingia programu ya vipaji kuliko mwenye mwalimu asiye mweusi. Mzazi, soma hiyo sentensi mara mbili kabla hujaamua kusubiri shule ikuite.

Kipimo kinachotumika sana ni CogAT, kina sehemu tatu, ya maneno, ya namba na ya maumbo, na kwa watoto wadogo hadi darasa la pili maswali yake ni ya picha. Waombe wakupe alama za sehemu zote tatu, sio jumla tu, kwa sababu mtoto wa Kiswahili anaweza kushuka kidogo kwenye maneno huku kwenye namba amepasua. Kama shule inatumia MAP, mtihani wa kwenye kompyuta, omba zile alama za RIT uzilinganishe na za madarasa ya juu, maana MAP inampandisha mtoto maswali kadri anavyojibu, na hapo ndio utaona kama anafanana na wa darasa la tano au la saba. Una haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wako zote, sheria inawapa siku zisizozidi 45. Na kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani, shule inatakiwa ikuwekee bila kukulipisha, usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri kikao kinachomhusu.

Kuna ushauri mmoja unazunguka kwenye sherehe zetu, "shemeji, tumia tu anwani ya kaka yangu". Jamani, hapana. Mwaka 2011 kule Akron, Ohio, mama anayeitwa Kelley Williams-Bolar alihukumiwa kwa kuwasomesha binti zake wilaya nyingine kwa anwani ya baba yake mzazi, akakaa jela siku tisa, na ilibidi gavana aingilie baadaye kumpunguzia makosa. Yule ni raia aliyezaliwa hapa. Wewe mwenye grinikadi, kosa la kughushi nyaraka linaweza kukugharimu kila kitu ulichokijenga.

Na Minnesota haina haja ya hayo, kwa sababu unaruhusiwa kuomba shule ya wilaya nyingine ukiwa unakaa pale pale ulipo. Tarehe ya mwisho ni Januari 15 kwa mwaka wa masomo unaofuata. Nafasi zikijaa zimejaa, na shule za vipaji zina masharti yake ya kuingia juu ya hapo, kwa hiyo upimaji uwe umeisha mapema. Basi la wilaya mpya litamchukua mtoto ndani ya mipaka yake tu, kumfikisha mpakani ni juu yako, na kwa mtu anayetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi hilo sio jambo dogo. Fikirini nani atampeleka wakati wa theluji.

Angalia pia atakapokuwa mkubwa. Chuo Kikuu cha Minnesota wana UMTYMP, mtoto anafaulu mtihani wa kuingia, anasoma hesabu za miaka miwili ya sekondari kwa mwaka mmoja, na baadaye anaingia kwenye hesabu za chuo kikuu akiwa bado ni wa sekondari. Na kuna PSEO, ilianza 1985, mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 anasoma chuo, ada na vitabu vinalipwa. Hivyo viko wazi kwa watoto wa wilaya zote, ila uliza kama shule inatambua masomo hayo kwenye ratiba au mtoto atarudishwa kukaa tena darasa la hesabu alizomaliza.

Sisi nyumba ya ile tisa tuliiacha. Tuliomba wilaya kubwa, jina siliandiki kwa ajili ya faragha ya mtoto, na kabla ya kukubali tuliomba kukaa darasani asubuhi moja. Kijana mmoja alikuwa anabishana na mwalimu kwamba 0.999 isiyoisha haiwezi kuwa sawa na 1, mwalimu akaweka kalamu chini, akawaachia wenzake wambishie, na ule ubishi ukala muda wote wa kipindi, hakuna aliyeambiwa arudi kwenye karatasi. Binti yetu hakusubiri kukaribishwa. Baba watoto kwenye gari akasema haya mama, tupige hesabu ya mafuta, tukapiga, tukaona tunaweza nami nikabadilisha shifti.

Sasa hivi kuna wiki anarudi nyumbani amekasirika kwa sababu swali limemshinda, na tunamwacha akasirike. Mdogo wake tumemwacha shule ya mtaa wetu, anatembea dakika tano kufika, ana mwalimu anayempenda, na kwa mwendo wake yeye pale panamtosha kabisa.